Kirusi kimeondolewa. Kimeacha nini nyuma?

Umechomeka flashi uliyotoka nayo steshenari. Ukaifungua, na badala ya mafaili yako ukakuta alama moja tu ya njia ya mkato, imebeba jina la flashi yenyewe. Ukaibofya (nani asingeibofya?), mafaili yakatokea, ukaendelea na kazi zako. Siku mbili baadaye Defender ikapiga kelele: imekuta kitu, imekiondoa. Ukaskani tena, ikakwambia hakuna tishio lolote. Basi, ukafunga dirisha, ukarudi kwenye tasnifu yako.

Swali ambalo wengi hatulifikishi mwisho ni hili: kompyuta sasa iko safi, au imenyamaza tu?

Nitazungumzia Windows, kwa sababu ndiyo iliyojaa majumbani na hosteli, na kwa sababu virusi vingi vya flashi vimetengenezwa kwa ajili yake.

Kwa nini ujisumbue

Kuna dhana kwamba kirusi cha zamani ni kama nyoka aliyekufa: hata kikibaki kwenye kona fulani ya diski, kitamdhuru nani? Tuangalie visa viwili.

PlugX ni programu ya udukuzi ambayo watafiti wanaihusisha na makundi ya China. Toleo lake moja lilipewa uwezo wa kujinakili lenyewe kwenye flashi, likawa linaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kuongozwa na mtu. Mbinu yake ni ileile ya hapo juu: linaficha mafaili yako kwenye folda isiyoonekana, linakuachia njia ya mkato, na ukiibofya linajiendesha kwanza, kisha ndiyo linakuonyesha mafaili. Baada ya muda wenyewe waliitelekeza seva iliyokuwa ikipokea taarifa kutoka kwenye kompyuta zilizoambukizwa. Septemba 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya Ufaransa, Sekoia, ilifanikiwa kuichukua anwani ya seva hiyo kwa gharama ya dola 7 za Marekani. Dola saba! Wakaketi, wakasikiliza. Kila siku anwani za intaneti kati ya elfu 90 na laki moja zilikuwa zinabisha hodi, na kwa miezi sita walihesabu anwani tofauti zipatazo milioni 2.5 kutoka nchi zaidi ya 170, Nigeria ikiwa miongoni mwa zilizoongoza. (Anwani milioni 2.5 si kompyuta milioni 2.5, maana kompyuta moja inaweza kubadilishiwa anwani mara nyingi. Lakini hata ukigawanya kwa ukali, zinabaki nyingi.) Zote hizo zilikuwa zinamwita bwana aliyekwisha kuondoka, na yeyote ambaye angeishika anwani ile angeweza kuzijibu.

Sekoia walikuwa watu wema. Kisa cha pili si cha watu wema. Andromeda ni kirusi cha flashi kilichotapakaa sana miaka ya 2010, na mwaka 2017 polisi wa nchi kadhaa waliivunja mitambo yake. Mafaili yake yaliendelea kuzunguka kwenye flashi na kompyuta za watu. Januari 2023 kampuni ya Mandiant ilieleza kwamba Turla, kundi la kijasusi linalohusishwa na Urusi, lilisajili upya majina ya tovuti ya Andromeda ambayo usajili wake ulikuwa umekwisha muda. Kisha likachuja kompyuta zilizokuwa bado zinapiga simu huko, likachagua za Ukraine lilizozitaka, likazipelekea zana zake. Kirusi kilichotumika kilikuwa kimejulikana tangu mwaka 2013. Kwa hiyo masalia si nyoka aliyekufa. Ni mlango ambao mwenye ufunguo amehama, na ufunguo wenyewe kauacha sokoni.

"Hakuna tishio" maana yake nini hasa

Mwaka 1984 Fred Cohen, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alitoa karatasi iliyolifanya jina la "virusi vya kompyuta" lizoeleke kwa wanasayansi. Jina alipendekezewa na mwalimu wake, Leonard Adleman, yule mwenye herufi A kwenye RSA. Ndani ya karatasi hiyo mna hoja fupi ambayo mimi naipenda sana.

Tuseme ipo antivirusi kamilifu, isiyokosea hata siku moja. Mimi naandika programu ambayo kabla ya yote inaiuliza antivirusi hiyo: "Je, mimi ni kirusi?" Ikijibiwa ndiyo, programu yangu inatulia tuli, haiambukizi chochote. Ikijibiwa hapana, inaanza kujisambaza. Jibu lolote litakalotolewa, antivirusi imekosea. Kwa hiyo antivirusi kamilifu haiwezi kuwepo, hata ukipewa kompyuta yenye nguvu kiasi gani.

Hiyo haina maana kwamba antivirusi ni bure. Inafanya kazi nzuri tu kwa kulinganisha mafaili na alama za virusi vinavyojulikana na kuangalia tabia za programu zinapoendeshwa. Ila sentensi yake ya "hakuna tishio" isome hivi: sijaona ninachokifahamu katika sehemu nilizoweza kuangalia.

Na hapo kwenye "nilizoweza kuangalia" ndipo penye balaa la pili. Ukiskani ukiwa ndani ya Windows ileile iliyoambukizwa, unaiuliza kompyuta habari zake yenyewe. Antivirusi inapotaka orodha ya mafaili, inauomba mfumo endeshi, na kirusi kilichojipenyeza chini vya kutosha kinaweza kuikata orodha kabla haijafika. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich alionyesha kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinaweka kwenye kompyuta za wateja programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza na alama $sys$. Yoyote! Hata wewe ukiita faili lako hivyo, linatoweka machoni. Kampuni halali ya muziki iliweza; mhalifu atashindwaje?

Dawa yake ni kuskani kutoka nje. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Microsoft Defender Offline: fungua Windows Security, nenda sehemu ya virusi, kwenye Scan options uchague offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza, maana kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira madogo ya pembeni, ambamo Windows yako ya kawaida haijaamka na kirusi nacho bado kimelala. Ni kama robo saa hivi. Isasishe Defender kabla ya kuanza. Hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya mengine yote yanayofuata.

Itaamkaje tena?

Programu hasidi ina tatizo moja kubwa: ukizima kompyuta, inakufa. Kwa hiyo ni lazima iwe imeandika mahali fulani, "kompyuta ikiwaka, niamshe." Faili lenyewe linaweza kubadilishwa jina, kufichwa, kusukwa upya kila wiki ili antivirusi isilitambue. Lakini sehemu za kuombea kuamshwa zinahesabika, kwa hiyo mimi napendelea kuwinda huko kuliko kuwinda mafaili.

Task Manager ina kurasa ya programu zinazoanza na kompyuta. Iangalie, ila usiishie hapo kwa sababu inaonyesha sehemu ndogo tu. Chombo cha kweli ni Autoruns, cha bure, kinapatikana kwenye tovuti ya Microsoft, na mmoja wa waliokitengeneza ni huyohuyo Russinovich wa kisa cha Sony. Kinakusanya kwenye dirisha moja kila mahali ambapo Windows inaambiwa iamshe kitu: rejista, huduma, kazi za ratiba, folda ya Startup na mengine ambayo usingeyafikiria. Kiendeshe kama msimamizi, kisha kwenye Options ficha maingizo ya Microsoft na uwashe ukaguzi wa sahihi za kidijitali. Orodha ya mamia itapungua hadi makumi.

Sasa soma polepole. Rangi ya waridi ina maana mtengenezaji hajulikani au sahihi haikubaliki. Usihukumu kwa rangi tu: programu ya printa ya zamani au ya modemu ya mtandao wa simu inaweza kuwa ya waridi na haina kosa. Angalia mambo mawili pamoja, mahali na amri. Programu halali kwa kawaida hukaa Program Files au System32. Kitu kinachoitwa svchost.exe lakini kinaishi kwenye folda ya Temp au AppData kina maelezo ya kutoa, maana svchost halisi iko System32. Vilevile kazi ya ratiba inayoita wscript.exe na faili la .vbs lenye jina la ovyoovyo, au inayoita PowerShell ikifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi zisizosomeka. Virusi vingi vya "mafaili yamegeuka shortcut" vilivyotutesa vinakaa namna hiyo hasa.

Rangi ya njano ni tofauti: agizo la kuamsha lipo, faili halipo. Ukiwasha kompyuta baada ya kusafisha ukaona ujumbe kwamba Windows haikuweza kupata faili fulani la skripti, ndiyo hiyo. Antivirusi imeondoa mwili, ndoano imebaki ukutani. Yenyewe haina madhara, lakini ni ushahidi mzuri, kwa sababu inakuonyesha jina na njia ya kirusi kilichokuwepo. Iandike kabla hujaifuta, halafu uitafute maeneo mengine.

Kitu unachokitilia shaka usikifute mara moja. Ondoa alama ya tiki, washa upya kompyuta, ufungue Autoruns tena. Kama tiki imerudi yenyewe, au ingizo jipya limezaliwa na jina lingine, kuna kitu hai kinachokuangalia. Hiyo ni habari kubwa kuliko skani yoyote.

Vivinjari vina mlango wao wenyewe, yaani viendelezi. Fungua orodha ya viendelezi kwenye Chrome au Firefox, na ufute kila ambacho hukumbuki kukiweka.

Mipangilio haiskaniwi kama kirusi

Novemba 2011 FBI na polisi wa Estonia waliwakamata watu wa genge la DNSChanger. Kirusi chao kiliambukiza kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na kazi yake kuu ilikuwa kubadilisha mpangilio wa DNS. DNS ndiyo inayotafsiri jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake, kama mtu unayemwuliza njia stendi. Ukiwa unaulizia kwa tapeli, unaweza kuandika jina sahihi kabisa la tovuti na bado ukapelekwa kwingine.

Baada ya kukamatwa kwao kukawa na kitendawili. Seva za genge zikizimwa, mamilioni ya watu watakosa intaneti ghafla, kwa sababu kompyuta zao hazijui pa kuulizia kwingine. Mahakama ikaruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu kwa muda. Muda ukaongezwa. Zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, miezi minane baadaye, kompyuta zaidi ya laki mbili zilikuwa bado zinauliza kulekule. Namba ya DNS si programu, na antivirusi iliyoondoa faili la kirusi haikuwa lazima irudishe namba ilivyokuwa.

Kwa hiyo kagua kwa macho. Kwenye mipangilio ya mtandao, DNS iwe ya kujipangia yenyewe, au iwe ile uliyoichagua wewe. Sehemu ya proksi iwe imezimwa, isipokuwa chuo au ofisi yako inaitumia. Faili la hosts, lililo C:\Windows\System32\drivers\etc, linafunguka kwa Notepad, na kwa kawaida mistari yake huanza na alama ya #. Ukikuta mstari usio na alama hiyo unaotaja tovuti za antivirusi au za benki, futa. DNSChanger iliweza pia kubadilisha mipangilio ya ruta zilizoachwa na nywila ya kiwandani, kwa hiyo kama simu nazo zinapelekwa kwenye tovuti za ajabu mkiwa kwenye Wi-Fi ileile, shaka iihamishie kwenye ruta.

Halafu kuna mpangilio ambao watu hawaukumbuki kabisa: orodha ya Exclusions ndani ya Defender, yaani maeneo ambayo imeambiwa isiyaguse. Virusi vya siku hizi vinapenda kujiandika humo, wakati mwingine vinaandika diski C nzima. Skani inapita, haioni kitu, inakupa alama ya kijani. Na tuseme ukweli, mara nyingine aliyeandika ni sisi wenyewe. Ile programu ya kukraki Windows au Office ilikuja na maelekezo, "zima antivirusi kwanza", tukatii. Kama krakishi lenyewe bado lipo, kusafisha mengine yote ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Kilichokwisha kuondoka

Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana hakuna cha kuskani. Kuna aina ya programu hasidi ambayo haina haja ya kubaki. Inaingia, inakomba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inazituma, pengine inajifuta. Mojawapo ni Lumma. Microsoft ilitambua kompyuta zaidi ya laki tatu na elfu 94 zilizoambukizwa nayo kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025 pekee.

Pamoja na nywila inabeba vidakuzi vya kikao. Ukiingia Gmail leo, Google haikuulizi nywila kila ukibofya barua, kwa sababu imekipa kivinjari chako kidakuzi cha kukutambulisha. Ni kama muhuri wa mkononi mlangoni kwenye shoo: ukishagongwa, mlinzi haangalii tena tiketi. Mwizi mwenye nakala ya muhuri wako haombwi nywila wala namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ndiyo maana mtu anakuambia "nilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili na bado wameingia."

Kwa hiyo chukua kifaa kingine kilicho safi (ukibadilisha nywila kwenye kompyuta yenye ugonjwa unamwandikia mwizi nywila mpya) na uanze na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote. Badilisha nywila, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia, vikaingie upya. Angalia namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti kama bado ni zako. Ingia kwenye vichujio na usambazaji wa barua: anayetaka kukaa kimya huweka kanuni ya kujitumia nakala ya kila barua yako, na kanuni hiyo haiondoki kwa kubadilisha nywila. Baadaye WhatsApp: kwenye simu fungua vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokitambua, pamoja na kompyuta hiyohiyo.

Lini ukubali kufuta kila kitu

Mimi nina mstari wangu. Kama ingizo ulilozima limerudi, kama Defender inakataa kuwaka, kama akaunti yako imeshaingiliwa, au kama kompyuta hiyo inashika fedha za watu (mweka hazina wa kikundi, upo?), acha upelelezi uweke Windows upya. Utatumia jioni moja badala ya wiki ya wasiwasi. Vipo virusi vinavyojificha kwenye programu ya bodi mama na kuvuka hata hilo. Kampuni ya ESET ilieleza kimoja, LoJax, mwaka 2018. Lakini hivyo ni silaha za kijasusi, ni nadra sana kumkuta mwanafunzi wa kawaida.

Njia bora ni flashi ya kusakinishia iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Ukitumia Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu, na ukichagua kupakua Windows kutoka mtandaoni uwe na bando: inaweza kula zaidi ya GB 4.

Unachobeba ni kazi zako tu: nyaraka, picha, data. Usibebe visakinishi. Kwanza washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, kwa sababu Windows huvificha, na faili linaloonekana kama sura-ya-pili.docx linaweza kuwa sura-ya-pili.docx.exe. Chochote chenye .exe, .lnk, .vbs au .scr kiache, na .docm kitilie shaka.

Na ile flashi? Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Usiifungue kwa kubofya. Kwenye kompyuta iliyosasishwa, iskani kwanza, kisha fungua Command Prompt na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Nakili nyaraka zako, uiformati flashi nzima, ndipo uzirudishe. Watu wa Sekoia walikwama hapohapo na PlugX yao. Wangeweza kuiagiza ijifute kwenye kompyuta zilizokuwa mtandaoni, lakini hawakuwa na namna ya kuzifikia flashi zilizolala kwenye droo. Za kwako unajua ziko wapi. Zikusanye zote, pamoja na ile uliyomwazima mwenzako mwezi uliopita.